Suits: bifu la Harvey na Louis ndiyo tamthilia yenyewe, hao wengine walipita tu

Mleta uzi:

Wakuu, salaam. Nimemaliza kuirudia Suits yote, ile tamthilia ya Marekani ya ofisi ya mawakili New York, misimu 9, episodi 134, na nimetoka na kesi. Nahitaji baraza.

Kama hujafika mwisho, funga uzi huu sasa hivi. Nitataja nani alifukuzwa, nani alifungwa na nani alimuoa nani. Usije kunilaumu.

Mara ya kwanza nilimchukia Louis Litt kwa roho moja. Akitokea tu kwenye skrini, mimi nachukua simu nisogeze muda. Nilimwona mtu wa fitina, anayewanyanyasa mawakili wachanga, anayejipendekeza kwa bosi wao Jessica Pearson na kumnusanusa Mike Ross, kijana wa Harvey, kama mkaguzi wa hesabu. Harvey Specter ndiye alikuwa stelingi wangu. Suti, majibu ya mkato, faili la bluu linatua mezani, mpinzani anafungua, anasoma mstari mmoja, anameza mate. Nani hapendi?

Safari hii nimeona kingine. Watoe maadui wa nje, mtoe Hardman, mtoe Tanner, mtoe Forstman na waendesha mashtaka wote, Suits bado inasimama. Litoe bifu la Harvey na Louis uone kama kinabaki kitu zaidi ya watu waliovaa vizuri wanaotembea kwenye korido. Na nasema hivi nikijua nitapigwa mawe: kwenye bifu hilo, misimu minne ya mwanzo, mwenye makosa makubwa ni Harvey.

Kumbukeni wanavyoanza. Episodi ya kwanza kabisa, Harvey anapandishwa kuwa mbia mwandamizi. Louis anabaki mbia mdogo, kazi yake kuwachunga mawakili wapya. Yaani kaachiwa chekechea. Sasa tazameni kila mmoja alivyofika pale. Harvey alianzia chumba cha barua, Jessica akamwona ana kitu, akamsomesha sheria Harvard. Louis naye ni wa Harvard, lakini hakuna aliyemshika mkono. Kwenye mambo ya fedha za kampuni hakuna wa kumgusa jengo zima, na Harvey mwenyewe akikwama kwenye hesabu anajua mlango wa kugonga. Mmoja alichaguliwa, mwingine alijituma, na huyu aliyejituma kila siku anakumbushwa kwamba kujituma hakuna alama.

Halafu angalieni Harvey anachofanya. Sheria ya ofisi ni kuajiri waliosoma Harvard tu. Yeye anamchukua Mike, kijana aliyeingia kwenye usaili akiwakimbia polisi na mkoba wa bangi, hana digrii ya sheria, hana leseni, ana kumbukumbu ya ajabu basi. Na mtu atakayedanganywa asubuhi, mchana na jioni ni yule yule mchunga mawakili wapya. Kwa hiyo kila tulipomcheka Louis kwa kumshuku Mike, tulikuwa tunamcheka mtu aliye SAHIHI. Sisi watazamaji tulikuwa washirika wa jinai, tena tunakula bisi.

Haya, mwageni sumu.

Kabrasha:

Mleta uzi umeanza vizuri ukaharibu mbele. Umesahau Louis alivyomfanya Harold Gunderson, yule wakili mchanga? Yule kijana alikuwa akisikia tu viatu vya Louis anapoteza kauli. Mtu anayedharauliwa na wakubwa halafu anakwenda kumalizia hasira kwa wadogo, mimi simwonei huruma. Harvey ana kiburi, sawa, lakini humkuti Harvey anamliza kijana wa mwaka wa kwanza ili ajisikie mrefu.

Bi Pingamizi:

Mimi namuunga mkono Kabrasha nusu. Louis ana roho mbili, na waandishi walijua. Siku moja anamfundisha wakili mchanga kwa upendo kabisa, anampeleka hadi kwenye bafu lake la tope, kesho yake anamtia adabu mbele ya watu. Ila mleta uzi, kabla hujamtakatisha huyo mtu wako, naomba uniambie kuhusu ile kesi ya mazoezi na Donna, katibu muhtasi wa Harvey. Sikubanduki hapo.

Mleta uzi:

Kabrasha, kwa Harold sina utetezi. Nimekaa, nimefikiri, sina. Ingia kwenye kumbukumbu za baraza.

Bi Pingamizi, nilijua utafika huko na nilikuwa nakusubiri, maana kwangu ile ndiyo dakika bora ya msimu wa 2. Kwa ambao wamesahau: wakili mpinzani, Travis Tanner, anamshitaki Harvey kwamba alificha waraka wa ushahidi kwenye kesi ya zamani. Waraka wenyewe ukatokea kwenye makabrasha ya ofisi ukiwa na muhuri wa Donna. Donna akaingiwa na hofu, akauchana. Kosa kubwa, akapoteza kazi. Baadaye tukaja kujua waraka ulikuwa wa kughushi, umepandwa na Daniel Hardman. Basi ofisi ikaamua kufanya kesi ya mazoezi wajipime kabla ya ile ya kweli, na Louis akapewa kuvaa viatu vya Tanner.

Sasa msisahau kwamba msimu wa 1 tulikwishaonyeshwa kesi ya mazoezi nyingine, ile ya mawakili wapya, Mike dhidi ya Kyle. Rachel, msaidizi wa sheria pale ofisini anayependwa na Mike, yuko kizimbani, Mike anaona kabisa mahali pa kubonyeza ili amvunje, anamwangalia usoni, anaacha. Anashindwa kesi. Nadhani waandishi walituwekea ile makusudi kama rula.

Mwaka mmoja baadaye Louis yuko kwenye nafasi ile ile, mbele yake yuko Donna, rafiki yake, mtu pekee kwenye jengo anayekwenda naye ukumbi wa maonyesho na kumcheka bila kumdharau. Naye anaona mahali pa kubonyeza. Anamuuliza kama anampenda Harvey. Hajibu. Anauliza tena. Anapandisha sauti. Anauliza tena. Donna hana jibu, na kila mtu mle ndani anajua kwa nini hana.

Mara ya kwanza nilitaka kuingia kwenye televisheni nimkabe. Mara ya pili nikamtazama Rick Hoffman, anayemcheza Louis, usoni badala ya kumtazama Donna. Jaribuni. Yule mtu hafurahii. Anafanya kazi aliyotumwa, na anaifanya vizuri kuliko wote, na kadiri anavyoifanya vizuri ndivyo anavyochukiwa. Angeilegeza, wangesema Louis ni mzigo. Ameibana, wamesema Louis ni mnyama. Angekuwa Harvey ndiye aliyembana shahidi hivyo, tungekata kipande tukakisambaza kwa muziki wa mdundo.

Jirani wa Donna:

Hapo kwa Hoffman nakubali asilimia zote. Gabriel Macht, Harvey wetu, ana sura, Hoffman ana misuli ya uso. Anaweza kuanza sentensi akiwa mchekeshaji akaimaliza akiwa mfiwa.

Ila naona mnamsahau mtu. Hili bifu lina mama. Jessica ndiye aliyewalea hivi.

Mleta uzi:

Jirani, umetoa neno nililokuwa nalitafuta wiki nzima.

Watu hupenda kusema fahali wawili hawakai zizi moja. Sikubali iwatumike hawa. Harvey fahali, sawa. Louis alikuwa ndama anayetazama mwenzake akinyonyeshwa. Tangu msimu wa 1 anachokitaka si kesi ya Harvey wala mteja wa Harvey. Anataka Jessica amtazame kama anavyomtazama Harvey. Na Jessica, kwa akili zake zote (Gina Torres akisimama tu mlangoni chumba kinanyooka), hakuwahi kuona gharama ya kumpuuza huyu mtu hadi siku ya kura.

Siku ya kura hiyo hapo, kura ya nani aongoze ofisi. Hardman amerudi. Huyu ndiye mwanzilishi aliyetolewa na Jessica na Harvey kwa kuiba fedha za ofisi, akisingizia matibabu ya mkewe kumbe zinakwenda kwa mwanamke mwingine. Mke amefariki, amerudi na sura ya toba. Anafanya nini kwanza? Hamgusi Harvey. Anakwenda kwa Louis, anampa ubia mwandamizi. Kitu ambacho Jessica alikikalia miaka, Hardman alikitoa kwa muda mfupi. Louis akampa kura, Jessica akaanguka.

Tuliita usaliti. Mimi sasa naita bei. Hardman alikuwa mwizi, lakini ndiye mtu wa kwanza kwenye tamthilia nzima kumhesabu Louis kama kura.

Kabrasha:

Bei ya nini mkuu? Alimjua Hardman ni mwizi. Kila mtu alijua. Mtu akikupa zawadi na mkono una damu, unauliza damu imetoka wapi kwanza.

Mleta uzi:

Na Mike je? Harvey alijua Mike ni nani. Jessica naye alipoambiwa na Trevor, rafiki wa Mike, akajua, akanyamaza. Kwa nini mkono wa Louis ndiyo unanuka peke yake?

Mpiga Mihuri:

Naomba niingie, maana nafanya kazi karibu na mambo haya na kuna kitu kinanikera kila nikisoma mijadala ya Suits.

Tamthilia inatuficha ukubwa wa kosa la Mike kwa kutuchekesha. Kanuni za maadili ya mawakili za New York zinamkataza wakili kumsaidia mtu asiye na leseni kufanya kazi ya uwakili. Na wakili akijua mwenzake amevunja kanuni kwa namna inayotia shaka uaminifu wake, anatakiwa kutoa taarifa. Kwa hiyo Harvey alikuwa hatarini tangu siku ya usaili. Jessica tangu alipojua. Donna, ingawa si wakili, ndani. Na Louis mnayemtetea alikuwa msafi kabisa mpaka usiku wa ule ufunguo uliomfichulia siri ya Mike. Pale alikuwa na njia mbili, akachagua kuuza ukimya wake kwa jina ukutani, yaani awe mmoja wa wabia ambao ofisi inaitwa kwa majina yao. Tangu dakika ile naye ni mshirika. Sheria haiulizi kama ulidharauliwa.

Kingine, kwa faida ya vijana wanaotaka kusoma sheria kwa sababu ya Harvey: kesi nyingi za madai Marekani huisha kwa maridhiano bila kufika hukumuni. Hilo Suits wamelipatia kuliko tamthilia nyingi za mahakama, ndiyo maana majaji humo ni wageni. Ila maridhiano ya kweli yanatokana na miezi ya kusoma nyaraka. Hakuna mtu anaingia ofisini kwa mpinzani bila miadi saa tatu usiku akiwa na faili moja.

Bi Pingamizi:

Na mlinzi wa getini hamuulizi mtu. Misimu 9, hakuna mlinzi.

Mleta uzi:

Mpiga Mihuri, asante, na umenipeleka penyewe. Ufunguo.

Msimu wa 4, kwangu, ndio bora kuliko yote, na najua wengi wanausema ni mzito. Unaanza na bifu la uongo: Mike ameacha sheria, yuko upande wa wawekezaji, anagombania Gillis Industries na Harvey anayemtetea Logan Sanders. Mwalimu na mwanafunzi. Lina ladha, lakini hakuna aliyeamini kwamba litadumu. Ni kama kumtazama baba akicheza mieleka na mwanawe sebuleni. Mtu ataumia kiwiko kisha watakula. Logan na Rachel, mpenzi wake wa zamani, ndiyo kabisa, ile sehemu huwa nakwenda kunywa maji.

Pembeni, bila kelele, bifu la kweli linapikwa. Louis anataka kumuokoa Harvey kwenye mchuano ule ule. Tafadhali someni tena: anataka kumuokoa HARVEY. Hakutumwa. Anakwenda kwa Charles Forstman, mwekezaji tajiri, anafanya dili, na Forstman ni mtu ambaye ukimpa mkono unahesabu vidole. Dili linamgeuka, Sean Cahill na watu wa kudhibiti masoko ya hisa wananusa, Louis anabeba dhambi, anaondoka ofisini na boksi lake.

Yaani aliharibu maisha yake akijaribu kumfurahisha mtu anayemwita mpinzani.

Halafu inakuja ile episodi ya 10. Louis hana kazi, hana heshima, anazungumza na Mike, na kitu kidogo kabisa, ufunguo wa Harvard ambao mwanafunzi bora angepaswa kuujua, Mike haujui. Ni hivyo tu. Hakuna mpelelezi, hakuna faili. Unaona uso wa Louis ukirudi nyuma miaka mitatu, ukipanga kila uongo mahali pake. Kila mara alipoambiwa anawaza vibaya. Kila mara alipoonekana mwendawazimu. Halafu swali linalomuumiza kuliko yote linakwenda kwa Donna: na wewe ulijua?

Kabrasha, mimi hapo nililia. Andika.

Na anapomkabili Jessica anadai jina lake ukutani. Pearson Specter Litt. Mpiga Mihuri anasema aliuza ukimya, na kisheria ni kweli, sibishi. Lakini angalieni alichodai. Alikuwa na uwezo wa kuwafunga wote. Angeweza kudai fedha, angeweza kudai Harvey afukuzwe. Mtu mwenye bunduki kichwani mwa familia nzima anadai apewe chumba ndani ya nyumba.

Kabrasha:

Basi umenibana kidogo. Kidogo.

Jirani wa Donna:

Mimi nilisimama kwenye ile ya Donna kuhama meza. Mwisho wa msimu wa 4, Harvey amemwambia anampenda kisha akaondoka kama aliyesahau mwavuli, Donna anafikiri, anaamua kwenda kufanya kazi kwa Louis. Harvey amepigana na kila mtu New York, hakuna aliyemuangusha. Aliangushwa na katibu muhtasi kuhamisha vitu vyake hatua chache kando. Msimu wa 5 unaanza jamaa anashikwa na mshtuko wa hofu, anatapika, anakwenda kwa mtaalamu wa saikolojia.

Mleta uzi:

Hapo ndipo nikajua Harvey alikuwa akimwogopa Louis siku zote. Si uwezo wake. Alimwogopa kwa sababu Louis anaonyesha kila kitu. Akiumia analia, akipenda anasema, akimchukia mtu anampigia kelele kwenye korido. Harvey alijenga maisha yote juu ya kutoonyesha, na ofisi ya jirani kuna mtu anayefanya kinyume chake na bado hajafa. Halafu Donna, aliyejua yaliyomo ndani ya Harvey kuliko wote, anachagua kukaa kwenye ofisi ya yule anayelia.

Ndiyo maana ule ugomvi wa ngumi msimu wa 5, Harvey alipokuwa amelala na Esther, dada yake Louis, sikuushangaa. Nilishangaa ulichelewa.

Bi Pingamizi:

Ile ya Esther Harvey alikosa adabu. Dada wa mwenzako! Na jengo zima lina wanawake.

Lakini naomba tuzungumzie wanawake wenyewe basi, maana uzi umekuwa wa wanaume wawili. Bifu la Donna na Paula Agard mnalionaje? Mwanasaikolojia anatoka kimapenzi na Harvey, aliyekuwa mgonjwa wake, halafu yeye ndiye anatoa sharti Donna aondoke. Mimi nilizima.

Mleta uzi:

Uliwahi kuzima, mimi nilimaliza nikajuta. Lile halikuwa bifu, lilikuwa kizuizi cha barabarani. Waandishi walijua wapi Harvey na Donna wanakwenda, wakaweka gogo njiani ili safari ionekane ndefu. Paula alikuwa mhusika mzuri sana akiwa kwenye kiti chake cha mtaalamu. Wakamtoa hapo, wakampa wivu, wakammaliza.

Dana Scott, wakili na mpenzi wa zamani wa Harvey, ndiye alikuwa mpinzani wa haki. Yule alimjua Harvey, alimpiga kwenye kesi na akapigwa, na Donna alimheshimu hata alipomchukia. Wivu wenye heshima ndani yake unanoga zaidi.

Mpiga Mihuri:

Kuhusu wapinzani wa nje, mleta uzi umewatupa wote kapu moja. Anita Gibbs je? Yule kwangu ndiye mpinzani bora wa tamthilia nzima, na sababu ni kwamba alikuwa sahihi na hakuwa na dili la kando. Mwendesha mashtaka anamshitaki mtu asiye na leseni aliyejifanya wakili. Hilo tu. Wote mlikuwa mkimtukana kwa sababu alikuwa akifanya kazi yake.

Mleta uzi:

Kwa Gibbs nakupa. Na unajua nini kinanifurahisha kwa Gibbs? Alimshinda Mike bila kumshinda. Mike alikubali kosa kabla hakimu hajasoma chochote, akachukua miaka 2 ili wengine wasiguswe, halafu Harvey anakuja kuambiwa na msemaji wa baraza la wazee wa mahakama kwamba wangemwachia huru. Hiyo ni pigo chini ya mkanda. Kesi iliyokuwa imeshinda, ikatupwa na upendo.

Lakini hata hapo, tafuta taarifa ilikotoka. Aliyemchoma Mike ni Sheila Sazs wa Harvard, mwanamke anayependwa na Louis. Unakimbia bifu la Louis linakusubiri kwenye kona inayofuata.

Tanner ni mbwa anayebweka, nampenda lakini hana zaidi. Forstman anatisha. Cahill wa kawaida. Jack Soloff sikumbuki hata sura yake vizuri, nakumbuka tu kwamba alitaka kugusa mshahara wa Harvey na nyuma yake akatokea Hardman tena, kama mdeni anayebadilisha namba ya simu.

Mpiga Mihuri:

Rekebisha. Umeandika "hakimu hajasoma chochote". Uamuzi ule ni wa baraza, jaji anasubiri.

Mleta uzi:

Pingamizi limekubaliwa, mheshimiwa.

Kabrasha:

Twende kwenye ukweli mchungu sasa. Kwa nini misimu ya mwisho ilipwaya? Usiniambie ni kwa sababu Patrick J. Adams na Meghan Markle, yaani Mike na Rachel, waliondoka. Mimi naona ilianza kabla.

Mleta uzi:

Ilianza msimu wa 6, siku Jessica alipopanda kwenda Chicago. Mike na Rachel kuondoka mwisho wa msimu wa 7 kuliondoa mapenzi na ucheshi, lakini kuondoka kwa Jessica kuliondoa KITU KINACHOGOMBANIWA. Ndama wawili, mama hayupo. Nini cha kupigania? Ndiyo maana baada ya hapo Harvey na Louis wanaanza kukumbatiana kila episodi ya tatu. Wamekuwa ndugu waliokutana msibani.

Waandishi nao wakaona pengo, wakaanza kuagiza mabifu kutoka nje. Robert Zane, baba yake Rachel, akaja na jina lake, na Wendell Pierce ana sauti ya kujaza chumba, sina neno. Samantha Wheeler wa Katherine Heigl na Alex Williams wa Dulé Hill wakawekwa kugombea jina ukutani. Lakini jina ukutani lilikuwa na maana wakati Louis analitaka kwa miaka na damu. Hawa wanalitaka kwa nusu msimu, na mwisho wote wawili wanalipata. Zane Specter Litt Wheeler Williams. Ukuta umekuwa daftari la mahudhurio.

Faye Richardson, yule msimamizi aliyeletwa ofisini msimu wa 9, nitamtetea kidogo, kwa sababu ile ile ya Gibbs. Alikuja kuifunga pingu ofisi ambayo ilistahili pingu tangu mwaka 2011. Kila alichowatuhumu walikifanya. Kosa lake ni kuchelewa misimu minane.

Jirani wa Donna:

Unajua kuna watu wamekuja juzi juzi tu, ile 2023 ilipowekwa Netflix kule Marekani ikatazamwa dakika bilioni 57.7 kwa mwaka mmoja. Wengi wao wanamjua Harvey kwa vipande vya sekunde thelathini. Ukiwaambia Louis ndiye moyo wa tamthilia wanakuona umekula kitu. Vipande havibebi Louis. Louis anahitaji misimu minne ili sekunde moja ya uso wake ikuue.

Mleta uzi:

Hiyo naiba, nitaitumia mahali pengine bila kukutaja.

Na mwisho wake angalieni ulivyo. Msimu wa 8 Harvey na Zane wanavutana nani awe mbia mkuu, kiti kinakwenda kwa Louis. Mtu ambaye msimu wa 1 alinyimwa ubia mwandamizi anakalia kiti cha Jessica. Halafu msimu wa 9 Faye anakubali kuondoka kwa sharti moja, Harvey naye aondoke. Harvey na Donna wanaoana siku ile ile ya harusi ya Louis na Sheila, kisha wanakwenda Seattle kwa Mike na Rachel. Ukutani linabaki Litt mwanzo kabisa. Litt Wheeler Williams Bennett. Katrina Bennett, wakili wa pale pale, naye kapata, nilipiga makofi peke yangu.

Jamaa alishinda bifu. Hakuna aliyemtangaza, hakuna muziki, lakini soma ukuta.

Kabrasha:

Alishinda kwa sababu mwenzake alichoka akaondoka.

Mleta uzi:

Alishinda kwa kubaki, mkuu. Hesabu waliopita pale: Hardman, Darby, Jessica, Zane, Harvey. Wote walikuwa na majina ukutani.

Bi Pingamizi:

Sawa, mimi nimelainika kwa Louis, ila kwa Donna kizimbani bado hajaniomba msamaha wa kutosha. Na lile suala la paka hatujaligusa. Paka Mikado, anayegombaniwa na Louis na Nigel Nesbitt. Hilo nalo ni bifu.

Mleta uzi:

Bi Pingamizi, Mikado anahitaji uzi wake. Kesi ya mazoezi kwa ajili ya paka, na watu wazima wamevaa suti za maelfu ya dola wanaitikia kabisa. Nitaandika nikipata nguvu.

Kabrasha:

Kwa hiyo unarudia mara ya tatu?

Mleta uzi:

Nimesharudi. Niko msimu wa 4, episodi ya 10. Ufunguo umetoka mfukoni sasa hivi. Msinisemeshe.